Bajeti ya Tripu Inasahau Maji

Bumu likiingia tu, kamati za tripu zinaanza vikao: basi, mziki, nyama choma, fulana za sare. Bajeti inapitiwa mstari kwa mstari. Sijawahi kuona mstari wa mtu wa kuwaangalia wanaoogelea. Na tuseme ukweli, wengi wetu hatujui kuogelea; tumekulia mbali na bahari, au tulikatazwa kuisogelea.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani. Anayezama mara nyingi hapigi kelele kama kwenye filamu. Mdomo uko usawa wa maji, pumzi haitoshi hata kuita. Pembeni washkaji wanapiga selfi.

Ila mimi nina hofu zaidi na yule anayeopolewa akiwa hai. Anakohoa, anapewa soda, dakika kumi baadaye yuko kwenye mziki. Jamani! Maji yakiingia mapafuni, yawe ya bahari au ya bwawa, yanaharibu utando unaozuia vifuko vidogo vya hewa visijifunge. Vikijifunga, damu inakosa oksijeni, na mapafu yanaweza kuanza kujaa majimaji. Hali inaweza kuzidi taratibu kwa saa kadhaa. Kwa hiyo kama kikohozi hakiishi, anahema harakaharaka au anasinzia ovyo, apelekwe hospitali, siyo kulazwa siti ya nyuma ya basi eti apumzike.

Na ule mtindo wa kumkandamiza tumbo ili atapike maji, tuuache. Matapishi yanaweza kuingia mapafuni. Kama hapumui, apuliziwe pumzi mdomoni, kisha akandamizwe kifua, hivyo hivyo kwa kupokezana mpaka msaada ufike.

Mtasema hela haitoshi. Hela ya spika kubwa huwa inatosha, bana. Chama cha wanafunzi kisipitishe tripu yoyote ya ufukweni isiyo na watu wawili wanaojua kuogelea na huduma ya kwanza, na siku hiyo wasiguse pombe. Itengwe nauli ya hospitali. Liwepo na dumu tupu lenye kamba la kumrushia anayezama, maana asiye na ujuzi akimfuata ndani, wanazama wawili.

Sisi wa ualimu inatuhusu mara mbili. Karibuni tutakabidhiwa watoto wa watu kwenye ziara za shule, na huko hakutakuwa na kamati ya kuilaumu.