Ndege Yaweza Kuanzia Ghalani

Muhula uliopita wenzetu watano wa Kidato cha Tatu walijaribu kuunda bawa la ndege kwa mianzi, gundi na kitambaa. Hawakuwa na mahali pa kufanyia kazi, basi wakaifanya bwenini, katikati ya vitanda, saa za mapumziko. Bawa lile lilikuwa na urefu wa mita nne, na kwa hakika lilipendeza. Siku ya kulitoa nje ndipo ilipoonekana kwamba halipiti. Mlangoni lilipenya, lakini penye kona ya baraza likagota ukutani. Wakalikata vipande viwili kwa msumeno. Tangu siku ile hawajagusa gundi tena, na wengi hapa shuleni husema, "Tuliwaambia. Mambo ya ndege yataka karakana, na sisi karakana hatuna."

Mimi sikubaliani na neno hilo, na ndiyo sababu nimeshika kalamu. Wenzetu hawakushindwa kwa kukosa karakana. Walishindwa kwa kutopima njia ya kutokea. Hayo ni mambo mawili mbalimbali: la kwanza dawa yake ni fedha nyingi, la pili dawa yake ni futikamba. Nia yangu ni kuonyesha kwamba mahali pa kuundia ndege tunapo, tena hapa hapa kwetu, iwapo wazazi wetu watakubali kutuazima.

Kwanza tuwatazame waliotutangulia. Ndugu wawili wa Marekani, Wilbur na Orville Wright, walikuwa mafundi wa baiskeli katika mji wa Dayton. Sehemu za ndege yao walizitengeneza mumo humo dukani mwao. Kipande cha katikati cha mabawa kilipounganishwa kiliziba njia kati ya chumba cha mbele na cha nyuma, hata mteja alipofika ilimbidi mmoja wao atoke kwa mlango wa ubavuni na kuzunguka nje ili amhudumie. Hawakulia kwamba duka ni dogo. Walizisafirisha sehemu hizo hadi Kitty Hawk, kwenye mchanga wa pwani, wakaziunganisha katika banda la mbao. Tarehe 17 Desemba, 1903, ndege ile iliruka kwa sekunde 12 tu, na kabla ya siku kwisha ikaruka kwa sekunde 59. Bawa lake, toka ncha hata ncha, lilikuwa na urefu wa mita 12 na zaidi. Hakuna duka la baiskeli ambalo lingeiweka ndege hiyo nzima, wala haikuhitajika kuwa nzima mle dukani.

Mfano wa pili wanishangaza zaidi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Wajerumani walikuwa na gereza katika ngome ya kale iitwayo Colditz, na humo waliwafunga maofisa waliokwisha kujaribu kutoroka makambi mengine. Mwaka 1944 wafungwa kadhaa wa Kiingereza walianza kuunda ndege isiyo na injini ili watoroke kwa njia ya anga. Mmoja wao, Jack Best, alikuwa mkulima nchini Kenya kabla ya vita. Karakana yao ilikuwa darini, juu ya kanisa la ngome, nyuma ya ukuta wa uongo walioujenga wenyewe. Mbao walizitoa vitandani na sakafuni; nyaya za kuongozea ndege walizing'oa katika nyaya za umeme; kitambaa cha mabawa kilikuwa cha mifuko yao ya kulalia, nacho wakakipaka mtama uliochemshwa ili kikaze na kuzuia hewa isipenye. Nao ujuzi waliupata wapi? Mwenzao Bill Goldfinch alikuta kitabu cha uundaji wa ndege katika maktaba ya gereza!

Vita viliwaishia mwezi wa Aprili 1945, ndege ikiwa tayari, lakini haijaruka. Hata hivyo mwaka 2000 mfano wake uliundwa kwa kipimo kile kile, ukaruka vizuri na rubani ndani yake. Tena angalieni jambo moja: wafungwa wale walijua tangu mwanzo kwamba ndege haitapita mlangoni. Walikuwa wamekwisha kuazimia kutoboa ukuta siku ya kuondoka. Hilo ndilo lililowakosa wenzetu wa Kidato cha Tatu. Walianza kuunda, ndipo wakauliza njia ya kutokea.

Huenda mtu akasema kwamba hayo ni ya Wazungu. La. Huko Nyeri, Kenya, mtu mmoja alijulikana katika magazeti kwa kuunda ndege uani kwake, na hapa Tanzania fundi mmoja wa Tunduma alisikika akiunda helikopta. Wala sisi wa Kusini si wageni wa jambo hili. Tangu lini mchongaji wa Kimakonde akangoja karakana? Yeye huketi chini ya mti, gogo la mpingo miguuni pake, tezo na patasi mkononi, na kazi yake huvuka bahari ikawekwa katika majumba ya makumbusho. Mpingo haufai kwa ndege, kwa kuwa ni mzito hata huzama majini. Lakini mkono uliozoea mpingo hautashindwa na mti mwepesi.

Tena tunao ushahidi mwingine karibu nasi, kwamba ukubwa wa mahali na wingi wa mali si kitu pasipo kipimo. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa karanga, na Nachingwea ilikuwa moja ya sehemu zake. Matrekta yalikuja, bandari ya Mtwara ikajengwa, na reli ikatandikwa kuelekea bara. Makumi ya mamilioni ya pauni yalitumika. Lakini udongo na mvua havikupimwa vya kutosha kabla ya kuanza, na mwaka 1951 mpango ukaachwa. Reli ilifika Masasi mwaka 1958, ikafungwa mwaka 1962. Waliokuwa na kila kitu walishindwa kwa sababu ile ile iliyowashinda watoto watano bwenini.

Sasa nije kwenye shauri langu. Katika wilaya zetu, Masasi iliyo chini penye majabali yake na Newala iliyo juu ukingoni mwa uwanda, jengo kubwa kuliko yote katika vijiji vingi ni ghala la korosho. Ghala lina sakafu ya saruji iliyo sawa, lina paa lisilovuja, na lina mlango mpana uliokusudiwa kupitisha shehena. Mwezi wa Oktoba hujaa, na minada ikimalizika huwa wazi kwa miezi mingi. Nayo miezi hiyo, kuanzia mvua zinapokatika, ni ile ile ambayo hewa ni kavu, gundi hukauka upesi na mbao hazipindi. Mafundi wa ndege wangetamani nini zaidi?

Lakini nisiwadanganye wasomaji. Mtoto wa mkulima ajua kwamba ghala halikai tupu kabisa. Kabla ya majira ya kupuliza mikorosho huletwa salfa, na hiyo huwekwa humo humo. Salfa hushika moto, vumbi lake huwasha macho, na ikipata unyevu hula chuma. Kuweka gundi, rangi na mbao zilizorandwa pamoja na salfa ni kuita maafa. Kwa hiyo siombi ghala lolote, wala siombi kila ghala. Naomba lile lisilowekwa salfa, au chumba kilichotengwa kwa ukuta na chenye mlango wake. Pasipopatikana hapo, tutumie bwalo letu wakati wa likizo, baada ya kulipima.

Wengine watauliza, je, watoto wataruka na kuvunjika shingo? Swali hilo ni la haki, na jibu langu ni hapana, kwa kuwa sisemi turuke. Nchi yetu ina Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na ndege ya Tanzania hairuki mpaka isajiliwe, ipewe alama zianzazo na 5H, na ikaguliwe. Sheria hiyo ni ngao yetu. Ninachoshauri ni kidogo zaidi: mwaka huu tuunde nusu moja tu ya mabawa, mita nne, kisha tuipime mpaka ivunjike.

Kipimo chenyewe ni rahisi kueleza. Bawa hupinduliwa, upande wa chini ukawa juu, na shina lake hufungwa imara. Kisha mifuko ya mchanga huwekwa mmoja mmoja, kwa sababu mzigo wa mchanga ushukao hufanana na nguvu ya hewa ainuayo bawa. Tuseme ndege yetu na rubani wake ni kilo 250. Ndege ndogo ya kawaida hutakiwa kuvumilia mara 3.8 ya uzito wake inapokata kona au kukumbana na dhoruba. Hizo ni kilo 950, na nusu moja ya mabawa hubeba kilo 475. Juu ya hapo mhandisi huongeza nusu nyingine ya kiasi hicho kwa usalama. Je, bawa letu litafika kilo ngapi? Likivunjika kwenye kilo 200, hakuna aliyeumia, na sisi tutakuwa tumejifunza hesabu na fizikia ambayo ubao haukuweza kutufundisha. Atakayevutwa na kazi hiyo ana mahali pa kwenda baadaye, kwa kuwa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji kule Dar es Salaam hufundisha uhandisi wa ndege.

Walimu wetu wapenzi, tunawaomba mtu mmoja wa kutusimamia, na kitabu kimoja cha kazi hii katika maktaba. Goldfinch alikipata chake gerezani. Haifai sisi tulio huru tukakosa.

Wazazi wetu, ninyi ndio wenye neno kubwa. Maghala mengi ni ya vyama vyenu vya msingi, na ninyi ndio wanachama. Hatuombi fedha. Twaomba kwamba katika mkutano mkuu ujao mmoja wenu ainuke aseme: tuwaazime watoto pembe moja ya ghala kwa miezi mitatu, kwa maandishi, nao waifagie na kuirudisha kabla ya gunia la kwanza kuingia. Mkikataa kwa sababu ya moto au ya wizi, tutaelewa. Lakini msikatae kwa sababu ya kwamba ghala ni la korosho tu. Korosho hizo mwaziuza kwa ajili ya nini, kama si kwa ajili yetu?

Nanyi wenzangu watano wa Kidato cha Tatu, vile vipande viwili vya bawa msivitie jikoni. Jambo mliloliona baya ndilo waundaji wa ndege wote hulifanya kwa makusudi, yaani kuunda kwa vipande ili vipite mlangoni, kisha kuviunganisha nje. Ninyi mmelijua kwa msumeno. Jumamosi hii, baada ya usafi, nitakuwa barazani na futikamba. Njoni tuanze na mlango.