Minde na Mtego

Katika misitu ya milima ya Uluguru, juu ya mji wa Morogoro, yuko minde, mnyama wa jamii ya paa, mwenye kishungi chekundu kichwani. Mchana hujificha, usiku hutoka kula. Waliomwona ni wachache. Watega nyaya humnasa bila kumwona, kisha hujisifu kuwa wawindaji hodari. Je, huo ndio uhodari? Mwenye mkuki humtazama mnyama kwanza, naye aweza kumwacha mwenye mimba. Waya hauna macho: hukamata mama na mtoto, na pengine mzoga huoza bila kuliwa. Tangu mwaka 2008 msitu huo ni hifadhi, nako kuwinda humo kumekatazwa. Minde hapatikani duniani ila Tanzania. Atakayemmaliza atawaachia wajukuu jina tupu.