Soja Atamshika Nani Kama Mlalamikiwa Ni Mpangaji?

Tuseme mko wapangaji wanane kwa ploti moja. Mnachanga kila mwezi kulipa soja wa geti. Usiku mlango wa mmoja unavunjwa, na anasema waliovunja walitumwa na jirani wa ukuta kwa ukuta. Soja afanye nini, na huyo jirani pia humlipa?

Hiyo ndiyo Jumuiya yetu ya Afrika Mashariki. Itifaki ya ushirikiano wa ulinzi ilitiwa sahihi 2012. Kongo ikajiunga 2022, na Novemba mwaka huo KDF wakaingia Goma chini ya kikosi cha Jumuiya. Kinshasa ilitaka wapigane na M23. Kikosi kikasimama katikati. Desemba 2023 Kongo ikakataa kuongeza muda, wakarudi nyumbani. Januari 2025 M23 wakauteka Goma.

Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wanasema Rwanda inawasaidia M23. Rwanda inakana, inasema tishio kwake ni FDLR walioko Kongo. Burundi nayo ilipeleka wanajeshi kusaidia Kongo. Wote hao ni wanachama!

Kuna mtu atasema majeshi yetu hayajui kufanya kazi pamoja. Zii. Uganda, Burundi na Kenya zilikaa Somalia miaka mingi chini ya Umoja wa Afrika, kwa sababu adui alikuwa mmoja: al-Shabaab, waliotuumiza Kampala 2010, Westgate 2013 na Garissa 2015. Pale Garissa waliuawa watu 148, wengi wanafunzi wa rika letu. Kwa hivyo shida si bunduki. Shida ni kukubaliana adui ni nani.

Na dawa iko kwa mkataba wenyewe. Kawaida marais huamua kwa maafikiano, yaani mmoja akikataa, mambo yamekwama. Lakini kwa kesi ya kusimamisha mwanachama, sauti ya anayeshtakiwa haihesabiwi. Ufunguo upo, ni mkono wa kuushika ndio hakuna.

Sisemi mtu afukuzwe kesho. Nasema kabla hawajatuma tena vijana wetu kusimama katikati ya risasi, Jumuiya ichunguze mashtaka ya kila upande, iwe ni M23 au FDLR, na ripoti isomwe hadharani. Anayepelekwa huko ni brathe ya mtu. Angalau aambiwe anamlinda nani, dhidi ya nani.

Wewe ungekuwa mpangaji, ungeendelea kuchanga?