Kabati Bovu Haliponi kwa Rangi

Giheke, katika sehemu iliyokuwa mkoa wa Cyangugu hadi mwaka 2006, ni nchi ya mvua nyingi, kati ya Ziwa Kivu na msitu wa Nyungwe. Unyevu huo huingia hata katika kabati la jikoni. Ndipo askari mwenye mshahara wa kupimwa hujiuliza: nipake rangi, nibadili milango, au ninunue jipya?

Ndugu askari, jawabu haliko dukani. Limo katika mbao zenyewe. Kwanza zibeni panapovuja. Kisha dungeni miguu na pembe za kabati kwa ncha ya kisu. Mbao zikiwa ngumu na uso tu umechakaa, msasa na rangi vyatosha. Milango ikiwa imepinda ilhali fremu ni imara, badilisheni milango na bawaba peke yake. Lakini kisu kikizama, au mbao za vumbi na gundi zikiwa zimevimba kwa maji, kuzipaka rangi ni kumvika maiti joho.

Jihadharini pia: rangi ya zamani yaweza kuwa na madini ya risasi, na vumbi lake hudhuru akili za watoto. Ilowesheni kabla ya kupiga msasa, na watoto wawe mbali.

Nyumba ikiwa ni ya serikali, ombeni kwanza idhini ya mkuu wenu. Kesho mtahamishwa, na mwenzenu atapikia humo. Rangi inayoficha uozo ni kumhadaa yeye. Mlinzi wa mali ya umma huanza ulinzi wake nyumbani.