Uyoga wetu na ile alama ya kutoa

Leo tuongee juu ya uyoga, na msikimbie, haya ni mambo ya kompyuta pia.

Kila nikikutana na wenzangu wa kuandika programu, kuna anayetaka kujenga mfumo mpya wa kurekodi uyoga wetu wa asili. Mimi nasema hapana. Mfumo wetu ukikosa pesa za seva, data inakufa nao. iNaturalist ipo tangu 2008, na rekodi zake zilizothibitishwa, zenye leseni huria, huingia GBIF, ambako mtafiti yeyote anazipakua bure. Tunachokosa ni rekodi nzuri.

Chukua mahali. Ikweta inakata nchi yetu. Nyeri iko latitudo -0.42. Ukipoteza alama ya kutoa kwenye faili lako, uyoga wa Nyeri unahamia Laikipia, kilomita kama 90 kaskazini! Nanyuki nako latitudo inakaribia 0, na programu iliyoandikwa ovyo itadhani umeacha nafasi wazi. Tarehe je? 05/04 kwetu ni Aprili, kwa Mmarekani ni Mei. Andika 2025-04-05, yaishe.

Halafu picha. Wengi hupiga kofia kutoka juu tu. Piga upande wa chini pia, na shina lote mpaka linapoingia ardhini. Andika umeota juu ya nini: gogo, kinyesi au kichuguu. Termitomyces, uyoga unaolimwa na mchwa, huchipuka kutoka kwenye kiota chao baada ya mvua. Bila neno "kichuguu" umemnyima mtambuzi dalili kubwa kuliko zote.

La mwisho ndilo zito. Andika jina la kienyeji na lugha yake. Akina mama wanaochuma uyoga wanajua tofauti ambazo hifadhidata haina, na ujuzi huo hauna nakala ya akiba. Lakini omba ruhusa kwanza. Pale wanapochuma ni riziki yao. Kama hawataki pajulikane, ficha eneo kamili kwenye rekodi. Iwapo data huria itamnyang'anya mama kichuguu chake, mwaka ujao hatakwambia lolote, na atakuwa na haki.

Mnasemaje? Bado mnataka kujenga mfumo mpya?