Krediti Zihesabiwe Kabla ya Ada

Mtu akitaka kujiunga na shahada ya mtandaoni, swali lake la kwanza ni ada kiasi gani. La pili, inatambulika? La tatu, inachukua miaka mingapi? Mimi nasema kuna swali linalopaswa kutangulia hayo yote, nalo halijibiwi kwenye tangazo lolote nililowahi kuona: nilichokwisha kusoma kitahesabiwa, au naanza sifuri?

Tuanze na krediti yenyewe, maana wengi wetu tunaijua kama kitarakimu kilichokaa pembeni ya jina la kozi. Kwa mfumo wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), krediti moja ni saa 10 za kujifunza. Siyo saa za kukaa ukumbini peke yake. Humo mna kusoma maktaba, mazoezi, kazi za vikundi, hata ile saa sita usiku ya kimbweta wakati sapu inanukia. Mwaka mmoja wa masomo ni krediti 120, kwa hiyo shahada ya miaka mitatu ni 360. Kozi ya krediti 12 ni saa 120 za maisha yako. Kozi tano za namna hiyo ni saa 600, yaani nusu mwaka wa chuo. Chuo kikikwambia "hizo hatuzitambui", kimekufutia nusu mwaka, na huo nusu mwaka utaulipia tena.

Wamarekani hili wamelishika mapema. Kuna chuo kinaitwa Western Governors University, kilichoanzishwa mwaka 1997 na magavana wa majimbo ya magharibi. Kinafundisha mtandaoni na kinapima umahiri: ukionyesha kwamba unaweza, umemaliza kozi, hata kama umetumia wiki mbili. Ada inalipwa kwa muhula wa miezi sita, siyo kwa kozi. Sasa piga hesabu mwenyewe. Kama ada ni ya muda, kila kozi unayoingia nayo mkononi ni muda uliouokoa. Ndiyo maana wanafunzi wa kule wanahangaika kuhamisha krediti zao kabla ya kujisajili, tathmini inafanyika kwanza, muhula unafuata. Kwetu mambo yako kinyumenyume. Tunalipa, tunapata namba ya usajili, tunapiga picha na kitambulisho, halafu ndipo tunaanza kuulizia krediti.

(Kwa wanaopenda historia: krediti za Kimarekani zilienea mwanzoni mwa karne ya 20 kwa sababu ya pensheni. Tajiri Andrew Carnegie alitoa fedha za mafao ya maprofesa, na vyuo vilivyotaka kuingia kwenye mfuko huo vilitakiwa kufuata kipimo kimoja cha saa za masomo. Yaani kipimo kinachotuamulia leo nani kasoma kiasi gani kilisambaa kwa njaa ya mafao ya wazee. Nilicheka sana nilipokutana na jambo hili.)

Na hapo kuna mtego. Krediti ya Marekani siyo krediti yetu. Yao moja inakaribia saa 45 za kazi, na shahada yao ya miaka minne ina krediti 120 tu. Kozi yako ya krediti 12 kwa hesabu za TCU inakaribia krediti tatu za kule. Ukimwona mtu anajitapa kwamba ana krediti 120 za stashahada na sasa anakaribia kumaliza shahada ya Kimarekani, mwambie taratibu akae chini, umwonyeshe hesabu.

Nitoke Marekani nirudi Mamboya, Kilosa, ambako ndiko kwetu. Ukiacha lami ya barabara ya Morogoro–Dodoma ukashika vumbi kuelekea milimani, huko ndiko anakofundisha dada yangu, shule ya msingi. Ana stashahada ya ualimu na miaka tisa ya chaki. Wamisionari wa CMS walifika Mamboya karibu mwaka 1880, kwa hiyo darasa kwetu si jambo geni. Chuo kikuu ndicho kilichokuwa mbali, mpaka simu ilipokileta. Dada alipoona kuna shahada ya mtandaoni aliifurahia kama sisi tunavyofurahia bumu kuingia. Kwake shahada ina maana ya kutoka ngazi ya mshahara ya TGTS C kwenda TGTS D. Na ana wanawe watatu.

Alipiga simu kwenye chuo kimoja, sikitaji. Akaambiwa, "Wewe una diploma, utahamisha tu, usijali." Akauza mahindi gunia nane, akalipa ada ya mwanzo. Wiki ya tatu jibu likabadilika: stashahada imemwezesha kuingia, lakini haimpunguzii kozi hata moja. Aanze mwaka wa kwanza, Saikolojia ya Elimu, Misingi ya Elimu, Mbinu za Kufundishia, Upimaji na Tathmini, zilezile. Ada hairudi.

Nilikuwa nyumbani likizo ile. Kazi yake ya kwanza ya nyumbani ilikuwa: "Eleza umuhimu wa zana za kufundishia." Aliisoma akiwa amesimama nyuma ya ofisi ya walimu, upande ambao mtandao unashika. Asubuhi ile alikuwa amefundisha kutoa kwa kukopa kwa darasa lenye watoto zaidi ya 70, akitumia visoda vya soda alivyokusanya mwenyewe mnadani. Aliniuliza, "Mdogo wangu, hawa wanataka niwaeleze au wanataka nije nao darasani?" Sikuwa na jibu. Alitumia bando la usiku kuandika kurasa nne kuhusu jambo analolifanya kila siku, na msahihishaji akamrudishia 62 kwa sababu hakunukuu waandishi wa kutosha.

Najua wapo wahadhiri wataokunja uso hapa. Hoja yao naijua, wameisema darasani: stashahada siyo shahada, Saikolojia ya pale haina kina cha hapa, na tukilegeza kamba mlangoni tutajaza vyeti vya sokoni. Nchi hii imeshaumwa na nyoka huyo. Mwaka 2017 uhakiki ulitoa majina ya watumishi wa umma 9,932 waliokutwa na vyeti vya kughushi. Na tukienda nyuma zaidi, baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, serikali ilipotaka kila mtoto aingie darasa la kwanza, ilichukua vijana waliomaliza darasa la saba na kuwafunza ualimu hukohuko vijijini huku wakifundisha. Wananchi wakazigeuza herufi za UPE zikawa "Ualimu Pasipo Elimu". Wazee wa kwetu bado wanalisema hilo wakitaka kukukera ukiwa mwalimu.

Lakini tuwe wakweli na historia ile. Walimu wale maelfu ndio waliofundisha wazazi wetu kusoma. Tatizo halikuwa kujifunza kazini. Tatizo lilikuwa uhaba wa vitabu, wa wakufunzi wa kuwatembelea, wa muda. Na azimio lilelile la Musoma ndilo lililosema mhitimu wa kidato cha sita asiende chuo kikuu moja kwa moja, afanye kazi kwanza angalau miaka miwili na mwajiri wake amtolee ushuhuda. Yaani kulikuwa na wakati taifa hili liliona kazi ni sehemu ya sifa za kuingia chuo kikuu. Sikubaliani na kila kitu cha enzi zile, lakini hilo lina akili kuliko kumwambia mwalimu wa miaka tisa aandike insha ya zana.

Kama hofu ni kina, basi pimeni kina. Mpeni dada yangu mtihani wa mwisho wa Saikolojia ya Elimu leo, bila kumfundisha. Akifaulu, kozi imeisha. Akifeli, akae asome, na ada ya kozi hiyo alipe bila kinyongo. Mwandikieni fomu, mtumeni mkufunzi akakae nyuma ya darasa lake vipindi viwili, kama tunavyokaliwa sisi kwenye mazoezi ya kufundisha. Hapo kuna cha kughushi gani?

Na kinachoniuma kama mwanafunzi wa elimu ni kwamba haya ndiyo tunayofundishwa kila siku. Mtaala wa sekondari wa mwaka 2005 uligeuka kuelekea umahiri. Mitaala mipya iliyoanza kutumika Januari 2024 inaimba umahiri kila ukurasa. Tunafundishwa tusimpime mtoto kwa alichokariri, tumpime kwa anachoweza kufanya. Tunafaulu mitihani kwa kuandika hivyo. Halafu taasisi zinazotufundisha hayo zinampima mwalimu mzima kwa saa alizokaa kwenye kiti chao, siyo kiti cha mwingine!

VETA wametutangulia. Fundi wa gereji aliyejifunzia chini ya mwembe, asiyewahi kukanyaga chuo, anaweza kupimwa ujuzi wake na kupewa cheti. Wanaita kurasimisha ujuzi. Ukishuka Mikumi utakuta chuo cha VETA kiko jirani na vijana wa gereji za barabarani, na hakuna anayeshangaa kusikia kwamba spana nayo ni shule. TCU nayo ina utaratibu wa kutambua elimu aliyoipata mtu nje ya mfumo rasmi, wenye mitihani yake, lakini huo ni wa kumfungulia mlango wa kuingia. Mimi naongelea mtu akishaingia: ndani kuna vyumba ambavyo amekwisha kuvipita.

Kwa anayejiandaa leo, asingoje vyuo vibadilike. Nenda chuo ulichosoma ukachukue matokeo yako kamili, na siyo matokeo peke yake. Chukua muhtasari wa kila kozi, ukurasa kwa ukurasa, wenye muhuri. Hapo ndipo wengi wanakwama. Jina la kozi halimwambii mtathmini kitu. Anataka kujua mada, saa, na ulipimwaje. Ukimaliza chuo miaka kumi iliyopita na mtaala ukabadilika, muhtasari ule unaweza kuwa umebaki kwenye faili moja lililoliwa na mchwa. Sisi tulio chuoni sasa tuitunze hii mihtasari tunayoifutia vumbi vimbwetani. Ipige picha, ihifadhi kwenye barua pepe yako.

Kisha omba tathmini kwa maandishi. Neno la simu halina muhuri. Barua iseme kozi gani zimekubaliwa, krediti ngapi, za saa ngapi, na umebakiza ngapi. Uliza kama wanakubali alama C au wanaanzia B, kama krediti za zamani zina ukomo wa miaka, kama alama hizo zitaingia kwenye GPA au zitabaki kando. Uliza pia ni krediti ngapi lazima uzisomee kwao ili wakupe shahada yao, kwa sababu hakuna chuo kitakachokupa joho kwa kazi ya chuo kingine kitupu. Kama chuo ni cha nje, kuna mlango wa pili: chuo kinaweza kupokea krediti zako zote, lakini kama TCU haitambui tuzo yake, mwajiri wa serikali atakurudishia karatasi yako. Uliza TCU kwanza. Ukijibiwa na vyote viwili, ndipo uombe namba ya malipo.

Mtu atasema haya ni ya walimu wa kazini, yanatuhusu nini sisi wa mabwenini? Yanatuhusu. Kila mwaka hapa kuna mwenzetu anayekosa ada akaondoka, mwingine anajifungua, mwingine anadisko kwa kozi mbili. Wa bwenini kwetu aliondoka akiwa amemaliza mwaka wa pili. Ana krediti 240 alizozitolea jasho. Mwaka jana alinitumia ujumbe kwamba ameanza upya chuo kingine, mwaka wa kwanza. Krediti 240 ni saa 2,400. Hakuna aliyemwambia aulize.

Wakubwa wetu wameshakubaliana kwa maneno makubwa. Mei 2017, jijini Dar es Salaam, wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walitangaza ukanda huu kuwa eneo moja la elimu ya juu. Kwenye karatasi, kozi ya Kampala na ya Nairobi zinapaswa kusomeka hapa. Mwalimu kutoka Kilosa aliyesomea chuo cha ualimu cha Ilonga, hapohapo wilayani, tunashindwa kumsoma?

Tangu mwaka 1992, Bunge lilipotunga sheria ya kuanzisha Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, nchi hii imekuwa na watu wanaosoma shahada huku wakifanya kazi. Kwa hiyo hatuanzi safari mpya. Kinachotakiwa ni kidogo, na kinaanzia kwenye vyuo vyetu wenyewe. Naiomba serikali yetu ya wanafunzi ipeleke hoja kwenye kikao kijacho cha Seneti: chuo kichapishe orodha ya kozi za stashahada ya ualimu inazozikubali, kozi kwa kozi, na krediti zake, kila mwombaji mwenye stashahada apewe barua ya tathmini kabla ya kulipa chochote, na kwa kozi zenye shaka, pawe na mtihani wa kujipima utakaofanyika mwezi mmoja kabla ya muhula kuanza. Mwakilishi wa kitivo chetu nimeshamkabidhi rasimu. Anayetaka kuweka saini yake ataikuta steshenari ya mbele ya maktaba hadi Ijumaa.