Kulipuka kwa Boti Si Bahati Mbaya

Kila boti inapolipuka fundi akiwa ndani yake, husikika maneno yale yale: "Ni bahati mbaya." Hatuna budi kuyakataa maneno hayo. Ni kichaka cha kufichia uzembe, nayo humwondolea mwenye boti, fundi na mkaguzi wajibu wa kujiuliza kilichotendeka.

Petroli haina siri. Hutoa mvuke unaoweza kuwaka hata katika baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, seuze katika jua la Mwanza au Tanga! Mvuke huo ni mzito kuliko hewa mara tatu au zaidi. Kwa hiyo haupai, bali hushuka na kutuama katika ngama. Chombo kilichoundwa kisipitishe maji ndicho hicho hicho kisichoutoa mvuke ulioingia. Sehemu 14 tu za mvuke katika kila sehemu 1,000 za mchanganyiko wake na hewa zatosha kulipuka kwa cheche moja.

Wapo mafundi wanaojigamba kwamba wamevuta sigara miaka kumi wakifungua kabureta, wala hawajaungua. Hoja hiyo ni ya kitoto. Mvuke ukizidi sehemu 76 katika 1,000 hauwaki kwa uhaba wa hewa. Fungua kifuniko, hewa iingie, ndipo hatari inapozaliwa. Aliyenusurika jana hakuwa hodari. Kipimo tu kilikuwa hakijatimia.

Tarehe 10 Agosti 2019, pale Msamvu, Morogoro, lori la petroli lilipinduka na kulipuka, na ndugu zetu zaidi ya 100 wakapoteza maisha. Je, somo lile liliishia barabarani?

Yanayotakiwa hayahitaji fedha za kigeni. Tenki la kubebeka lijazwe nchi kavu, si botini. Sigara, karabai na jiko vikae mbali. Vifuniko vyote vifunguliwe, hewa ipite. Ndipo betri ifunguliwe, maana kuifungua kwenyewe huweza kutoa cheche. Petroli inayotolewa ipokelewe katika chombo chenye kifuniko, isimwagwe ngamani kwa kudhani kwamba maji yataizima: petroli huelea juu ya maji. Mpira wa mafuta uliopasuka ubadilishwe, usifungwe kitambaa. Na kabla ya kuwasha mashine, hewa ipite tena. Pua isitegemewe, kwani harufu huzoeleka.

Afisa anayekagua leseni na nyavu bila kuinama kutazama ngama hajakagua chombo. Mwalimu wa sayansi aliye karibu na ziwa au bahari, ambaye wanafunzi wake wanajua kukokotoa uzito wa gesi lakini hawawezi kumwambia baba yao kwa nini azime sigara, amefundisha nusu ya somo. Wote wawili wanalipwa kwa jasho la wananchi, wakiwamo wavuvi hao hao. Basi washuke ufukoni sasa, wasingojee kualikwa mazikoni.